Chupa za bia tuliyopika nyumbani zinapasuka na bia inanuka karafuu, tunywe au tumwage?

SWALI: "Habari mtaalamu. Tuko marafiki wanne, tumezipenda sana bia za viwanda vidogo tukaamua tujaribu kupika wenyewe nyumbani. Tulifuata resipi ya lita 20, kimea cha shayiri, hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu) na hamira ya bia ya pakiti. Siku ya kwanza haidromita, kile kifaa cha kupima sukari iliyomo kwenye bia, ilisoma 1.050. Siku ya 6 mapovu kwenye kile kibomba cha juu ya ndoo yaliacha kabisa, tukajua imeiva, tukajaza chupa za glasi, nyingine za nusu lita nyingine za mililita 330, kila moja kijiko kimoja cha chai cha sukari. Chumba kina joto kama nyuzi 28 hivi. Sasa ni wiki ya tatu, chupa mbili ndogo zimepasuka zenyewe usiku, nyingine ukifungua nusu ya bia inaishia mezani kwa povu, na ina harufu kama ya karafuu na kwa mbali kama plasta ya kidonda. Mmoja wetu anasema hiyo ndo ladha ya bia isiyo ya kiwanda kikubwa, mwingine kasoma kwamba pombe ya kujitengenezea ina methanoli inayopofusha macho, sasa kila mtu anaogopa. Zimebaki chupa 30 na kitu. Tunywe, tumwage, au tuache kabisa hii kazi?"

JIBU: Ndugu yangu, kabla sijafika kwenye methanoli wala karafuu nianze na hizo chupa 30 zilizobaki, maana hatari yenyewe iko hapo na naona wote wanne mnaichukulia kama usumbufu wa kupangusa meza tu. Chupa ya glasi iliyopasuka kwa presha ya ndani haivunjiki kama iliyodondoka chini, inarusha vipande kwa nguvu, na mara nyingi anayeumia ni yule aliyeinama kuichukua. Kwa hiyo leo hii, hata kabla hujamaliza kusoma, hakikisheni hakuna mtoto anayepita karibu nazo, tandikeni blanketi zito au mataulo kadhaa juu yake, na msizihamishe hovyo, kwa sababu kuzitikisa na kuzigonganisha ndo kunakoimalizia ile iliyokuwa imebakiza kidogo.

Atakayezigusa avae miwani ya kujikinga ile ya mafundi, glavu nene na nguo ya mikono mirefu, na uso wake usikae juu ya chupa hata sekunde moja. Zipangeni kwenye boksi gumu lenye mfuniko mziweke kwenye friji siku nzima. Baridi hapa inafanya kazi kweli, gesi inatulia ndani ya bia ya baridi vizuri zaidi kuliko kwenye bia ya moto, yani ukiishusha chupa kutoka nyuzi 28 mpaka karibu nyuzi 2 presha ya ndani inashuka chini ya nusu. Hapo ndo mnafungua moja moja juu ya sinki, taulo limezungushwa chupa nzima, unainua kizibo kidogo sana mpaka usikie gesi inatoka, unasubiri, unainua tena kidogo. Zile za 330 zote mwageni, msiniulize mara mbili. Za nusu lita nitawaambia chini cha kufanya nazo, ila hakuna hata moja inayorudi kukaa kabatini kwenye joto la chumba.

Sasa methanoli, maana najua hiyo ndo inawanyima usingizi. Hamira ikila sukari ya kimea inatoa ethanoli, ile pombe ya kawaida, pamoja na hewa ukaa. Methanoli haitoki kwenye sukari, inatoka kwenye pektini, ule utomvu ulioko kwenye maganda na nyama ya matunda, na kimea cha shayiri kina pektini kidogo mno. Hata bia ya kiwandani, divai, na juisi ya matunda ambayo haina pombe kabisa, zote zina chembe za methanoli na mwili unazimudu bila shida. Bia mliyoipika kwa kimea, hopsi, maji na hamira haiwezi kufikia kiwango cha kumpofusha mtu, hata iwe imeharibika namna gani kwa ladha.

Hizo habari mlizosoma za watu kupofuka na kufa ni za kweli, lakini ni habari za kitu kingine. Mara nyingi ni pombe kali ambayo mtu kaichanganya na methanoli ya viwandani, ile ya kutengenezea rangi na viyeyusho, ili apate faida. Ndo maana nawaomba sana, hofu yenu ihamieni huko, msinunue wala kunywa pombe kali ambayo hamjui imetoka wapi, na wenyewe msijaribu kuinereka hiyo bia muipate kali zaidi. Kunereka ni kuchemsha kitu kinachotoa mvuke unaoshika moto, nyumba zimeungua kwa hilo, na nchi nyingi ni kosa la jinai bila leseni. Na kama siku yoyote mtu kanywa pombe ya mashaka halafu saa kadhaa baadaye, hata kesho yake, anaanza kuona ukungu, macho yanaumizwa na mwanga, anapumua harakaharaka, tumbo linauma na anatapika, hapo msingoje alale akaamka, ni hospitali moja kwa moja na muwaambie madaktari mnahisi methanoli. Dawa yake ipo na inafanya kazi vizuri zaidi ikiwahi.

Vipi kuhusu vijidudu? Bia iliyochachuka ni mazingira magumu sana kwa vijidudu vinavyoumiza watu, ina asidi, pH yake inacheza kwenye 4 hadi 4.5, ina pombe, ina hopsi, na ndani hamna oksijeni. Vinavyoishi humo vinaharibu ladha, havikulazi kitandani. Mambo mawili tu nayaweka pembeni: bia yenye ukungu wa manyoya juu mwageni bila kuonja, na maji ya kimea yaliyochemshwa ambayo hayajatiwa hamira msiyahifadhi siku na siku kwenye chombo kilichozibwa, kwa sababu hayo bado hayana pombe wala asidi ya kutosha na bakteria wabaya kweli wanaweza kuota humo. Yakishapoa, hamira iingie siku hiyo hiyo.

Sasa twende kwenye kilichotokea ndani ya ndoo yenu, hapa nitakaa kidogo maana ndo penye jibu. Bia inayoanza 1.050 na kumalizia 1.010 hivi inatoa karibu gramu 40 za hewa ukaa kwa kila lita. Kwa lita 20 ni gramu 800, yani gesi zaidi ya lita 400, yote hiyo ilipita kwenye kile kibomba taratibu bila nyie kuiona (na ndo maana ndoo inayochachuka inawekwa penye hewa inayopita, si kwenye kistoo kilichofungwa). Bia ya kawaida ikiwa kwenye chupa inahitaji ibaki na gramu kama 5 tu kwa lita. Angalia hizo namba mbili, 40 na 5. Ukiziba chupa wakati kazi imefika asilimia 90 unadhani umebakiza kidogo, kumbe hicho kidogo peke yake kinakaribia gesi yote ambayo chupa ilitakiwa kubeba.

Mapovu kuacha siku ya 6 hakumaanishi bia imeiva. Kibomba kinakuonesha kitu kimoja tu, kwamba gesi inapitia hapo. Mfuniko wa ndoo ukiwa haujakaza vizuri gesi inatokea pembeni na kibomba kinalala kimya huku hamira iko kazini, usiku ukipoa gesi inanywea ndani mapovu yanakoma, na mwishoni mwa uchachukaji hamira inakuwa inakula ile sukari ngumu pole pole, povu moja kwa dakika nyingi, mtu anatazama mara mbili anasema tayari. Na upande wa pili bia iliyoiva kabisa inaweza kuendelea kutoa mapovu kwa sababu tu chumba kimepata joto. Chombo kinachojua ni haidromita, na nyie mnayo, mliitumia siku ya kwanza mkaisahau siku iliyokuwa ya muhimu zaidi.

Afu kijiko. Hapa nimechukua kalamu. Kijiko cha chai cha sukari kinaweza kuwa gramu 4 kikisawazishwa, kikijazwa kinafika 6 au zaidi, tuseme 5. Kila gramu ya sukari inatoa kama nusu gramu ya gesi, na bia yenyewe ikiwa kwenye joto lenu inaingia kwenye chupa tayari na gramu moja na nusu kwa lita. Kwenye chupa ya nusu lita gramu 5 za sukari ni sawa na gramu 10 kwa lita, zinatoa gesi gramu 5, ukijumlisha inakuwa 6 na nusu, imezidi ila chupa nzima inavumilia. Kijiko hicho hicho kwenye chupa ya 330 ni gramu 15 kwa lita, gesi 7 na nusu, jumla 9. Hapo bado sijaweka sukari ya kimea ambayo haikuisha. Kama haidromita ilikuwa bado na pointi 3 tu za kushuka, mfano mmeweka kwenye chupa ikiwa 1.013 wakati mwisho wake ni 1.010, ongeza gramu 3 nyingine za gesi kwa lita, sasa ndogo zimefika 12 na kubwa 9 na nusu. Gramu 12 ni gesi ya shampeni, na chupa ya shampeni umeiona glasi yake ilivyo nene. Ndo maana zilizopasuka ni ndogo na kubwa zinafurika, wala si bahati mbaya.

Mshukiwa wa tatu ni hamira mwitu au bakteria. Kuna aina ya hamira inaitwa diastaticus, ni ndugu wa damu wa hamira ya bia, ila yenyewe inatoa kimeng'enya kinachokata hata ile wanga fupi ambayo hamira ya kawaida inaiacha. Ikiingia kwenye chupa haijali kwamba bia ilishaiva, inaendelea kula wiki na miezi na gesi inapanda tu. Na moja ya alama zake ni hiyo harufu ya karafuu mnayoisema.

Kwa hiyo pimeni, hamtabaki kukisia. Chukueni chupa moja ya nusu lita iliyolala kwenye friji, mkishaifungua kwa ile tahadhari mimineni kwenye glasi, halafu ihamisheni kutoka glasi moja kwenda nyingine mara nyingi mpaka isitoe povu tena, iacheni irudi nyuzi 20 maana haidromita nyingi zimepimwa kwa joto hilo (lako litakuwa limeandikwa kwenye karatasi ya ndani). Hili la kutoa gesi msiliruke. Haidromita ikitumbukizwa kwenye bia yenye gesi, vipovu vinaishika shingoni vinainyanyua na unasoma namba kubwa kuliko ukweli. Izungushe kwa vidole vipovu vidondoke, shusha macho mpaka yawe usawa mmoja na bia, usome pale bia ilipo tambarare, si pale inapopanda kidogo kwenye glasi. Ukipata 1.009 mpaka 1.012, bia imeishia inapotakiwa, kosa lenu ni haraka na kijiko. Ukipata 1.004 au chini ya hapo, kuna mgeni ndani ambaye hamkumwalika. Kuna dalili nyingine isiyohitaji kifaa: kama chupa zote za ukubwa mmoja zinafurika sawasawa, tatizo lilitokea kwenye ndoo au kwenye sukari, na kama baadhi zinafurika na nyingine zimetulia, huenda tatizo lilikuwa kwenye usafi wa chupa moja moja, au vijiko havikulingana.

Nije kwenye harufu. Rafiki yenu anayesema karafuu ni ladha ya bia ya viwanda vidogo hajakosea kabisa, ziko bia za ngano za Ujerumani ambazo karafuu ndo heshima yake, zinatumia hamira inayogeuza asidi iliyoko kwenye ganda la nafaka kuwa ile harufu. Ila hiyo ni hamira iliyochaguliwa kwa kazi hiyo. Kama pakiti yenu haikuwa ya bia ya ngano wala ya mtindo wa Ubelgiji, basi karafuu imekuja bila ruhusa, na ndo maana nasisitiza mpime. Nalisema hili kwa upendo kwa sababu nimeona watu wengi wanameza bia mbovu wakidhani ulimi wao ndo haujazoea. Bia nzuri ya kiwanda kidogo inaweza kuwa kali, chungu, chachu kama ndimu, au nyeusi tii, lakini kila ladha iliyomo mpishi aliitaka. Ukihisi kitu kinakukera puani, kiamini.

Plasta ya kidonda ni kesi nyingine na hii mara nyingi inatoka kwenye klorini. Klorini ya maji ya bomba au ya dawa ya kufulia ikikutana na viasili vya ganda la shayiri inatengeneza kitu ambacho pua ya binadamu inakinasa kwa kiasi kidogo mno, tone tu linaharibu ndoo nzima. Hakiumizi kwa kiasi hicho, ila hakiondoki, hakuna kukaa wala kuongeza hopsi kutakakokifuta. Kwa hiyo niulize, mliosha chupa kwa dawa ya klorini? Maji mliyatoa bombani moja kwa moja? Klorini ya kawaida inaondoka ukichemsha maji kabla ya kuweka kimea au ukiyaacha wazi usiku kucha, lakini maji mengine yanatiwa klorameni ambayo ni sugu, na dawa yake ni kidonge cha metabisulfaiti kinachouzwa kwa watengeneza divai na bia, nusu kidonge kwa lita 20 inatosha na kubaki, unakisaga, unakoroga, dakika chache kazi imekwisha.

Na hizo nyuzi 28. Hamira nyingi za bia zinazochachukia juu zinataka nyuzi 18 mpaka 22, na joto la ndani ya ndoo linapanda juu ya joto la chumba kwa sababu uchachukaji wenyewe unatoa moto. Kwa chumba cha 28 hamira yenu ilikuwa inafanya kazi kwenye 30 au zaidi kwenye siku zile mbili tatu za mwanzo, na hamira iliyozidiwa na joto inatoa zile pombe nzito zinazounguza koo. Si lazima mnunue friji ya pili. Wekeni ndoo ndani ya beseni kubwa la maji, mtumbukize chupa za plastiki zenye maji yaliyoganda mbadilishe asubuhi na jioni, siku 3 za kwanza ndo za kulinda kuliko zote. Au mgeukie kveik, hamira ya wakulima wa Norway ambayo yenyewe inapenda nyuzi 30 mpaka 40 na inatoa bia safi kabisa kwenye joto hilo. Kwa chumba chenu mi ningeanza na kveik bila kufikiria mara mbili.

Sasa tunywe au tumwage? Ndogo zote zimekwenda. Kubwa zikishapoa na kutolewa gesi, kama haidromita inasoma kawaida na harufu mnaivumilia, kunyweni, haina sumu, ila mmimine taratibu mkiacha yale mashapo chini maana ile ni hamira na tumbo lisilozoea linajaa gesi usiku kucha. Kama plasta imetawala, mwageni, hamna deni la kuinywa. Na kama namba ni 1.004 kushuka, mwageni zote hata zile ambazo bado zinaonekana salama, kwa sababu huyo mgeni hajamaliza. Kwa bechi hiyo tupeni na mpira wa kunyonyea bia na bomba la plastiki mlilotumia, na ndoo ikiwa ina mikwaruzo ndani nayo iende, mikwaruzo ndo nyumba ya hamira mwitu na hakuna dawa inayofika mle.

Kuacha kazi sioni sababu. Mmepata kimea kikachachuka mara ya kwanza, watu wengi wanakwama kabla ya hapo. Ila mara ya pili fanyeni hivi. Osheni kwanza kwa maji ya moto na brashi mpaka glasi iwe haina utando, halafu ndo mtie dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu dawa haipenyi uchafu uliokauka, na kila kitu kinachogusa bia baada ya kuchemka kipite kwenye dawa, kijiko, mkasi wa kukatia pakiti ya hamira, mkono wako. Bia ikae kwenye ndoo wiki mbili hata kama kibomba kimenyamaza. Pimeni, subirini siku 2 au 3, pimeni tena, namba mbili zikifanana ndo mnagusa chupa. Sukari msipimie kijiko tena, chukueni mizani, gramu 120 kwa lita 20, chemsheni kwenye maji kidogo, zipoe, mzimimine chini ya ndoo ya pili safi, halafu bia iingie juu yake kwa mpira pole pole bila kurusha mapovu, ichanganyike yenyewe. Hapo kila chupa inapata kiasi kinacholingana na ukubwa wake na gesi inatua karibu na zile gramu 5.

Chupa zenyewe, mi nawashauri bechi ijayo muweke kwenye plastiki za soda, za rangi ya kahawia mkizipata, kwa sababu mwanga unaingia kwenye bia yenye hopsi na kuipa harufu ya kicheche. Plastiki haina sura nzuri mezani na bia haidumu humo miezi mingi kwani hewa inapenya kidogo kidogo, lakini inastahimili presha kubwa na ikishindwa inachanika, hairushi vipande vya glasi. Faida nyingine ni kwamba unaibonyeza kwa kidole, siku ya kwanza inabonyea, wiki moja au mbili baadaye imekuwa ngumu kama soda mpya, basi gesi imetosha, ipelekeni kwenye friji. Hata mkirudi kwenye glasi baadaye jazeni chupa moja ya plastiki kila bechi iwe mlinzi wenu. Kegi, yani pipa la chuma la bia, na mtungi wa gesi ni raha, unaondokana na sukari ya chupa kabisa, lakini gharama ya kuanzia ni kubwa na mtungi unataka mtu aliyewahi kuufunga awaoneshe kwa mkono, si wa kujifunzia kwa maandishi.

Kuhusu kuionja, maana mmesema mlianza kwa kuzipenda hizi bia. Msiinywe ikiwa ya kuganda, baridi kali inafunga pua, bia za aina yenu zinafunguka kwenye nyuzi 8 mpaka 12. Mimineni kwenye glasi iliyooshwa vizuri isiyo na mafuta, acheni povu la vidole viwili, nuseni kabla ya kunywa, na kila mmoja aandike anachosikia kabla hajamsikia mwenzake, kwa sababu wa kwanza kusema "naona kama karafuu" ameshawapa wote karafuu. Siagi inamaanisha mlitoa bia mapema, tofaa bichi vilevile, mahindi ya kuchemsha maana yake hamkuchemsha kwa nguvu au mlifunika sufuria, karatasi iliyoloa ni oksijeni imeingia wakati wa kuhamisha. Na mjue nguvu yake: namba ya kwanza toa ya mwisho, zidisha kwa 131, kwa bia yenu 1.050 toa 1.010 inakuja asilimia 5 na robo. Mgeni aambiwe namba hiyo kabla hajamiminiwa, na aliyekuja na gari apewe kitu kingine.

La kutafuta msaada ana kwa ana: kipande cha glasi kikimpata mtu jichoni, asisugue, asijaribu kukitoa, mfunike jicho kwa kitu kisicholigandamiza kama kikombe cha karatasi, na muende hospitali wakati huo huo, hata akisema anaona vizuri. Kwa upande wa upikaji, kama bechi ya pili nayo itakuja na karafuu pamoja na usafi wote, ipelekeni chupa moja kwa mpishi wa kiwanda kidogo kilicho karibu nanyi, wengi wao walianzia jikoni nyumbani na wanapenda kuulizwa, pua yao itatambua kwa dakika moja kitu ambacho mimi nakikisia kwa maandishi. Na angalieni sheria ya mnakoishi, sehemu nyingi zinaruhusu kupika bia ya kunywa wenyewe lakini kuuza hata chupa moja ni habari nyingine.

Mkishapima ile chupa ya nusu lita niandikieni namba mliyopata, jina la hamira lililokuwa kwenye pakiti, na mliosha chupa kwa dawa gani. Kwa hayo matatu ntawaambia mshukiwa ni yupi.